Jinyinhua na Lianqiao: Kwa Nini Dawa Mbili za Baridi Huandikwa Pamoja

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu wa tiba asili, ndugu zangu wafamasia na wauguzi, habari za asubuhi, na ahsanteni kwa nafasi hii.

Kuna sahani mbili zinazunguka huko mbele. Naomba kila mtu achukue kidogo kutoka kila sahani, ashike, avunje, anuse. Wenye haraka ya kutafuna wasubiri kwanza.

Sahani ya kwanza ina matumba ya maua yaliyokaushwa. Ni membamba, urefu sentimita 2 hadi 3, yamenenepa upande wa kichwani, na ukiyaweka kwenye mwanga unaona vinyweleo. Rangi yake iko kati ya kijani kilichopauka na njano. Hiyo ni jinyinhua, mmea unaotambaa ambao wataalamu wa mimea huuita Lonicera japonica. Sahani ya pili ina maganda magumu ya kahawia yenye ncha, urefu kama sentimita 2, yamepasuka vipande viwili, na mgongoni yana vidutu vidogo unavyovihisi kwa kidole. Hiyo ni lianqiao, tunda la Forsythia suspensa. Haya, sasa onjeni. Tumba lina harufu inayokaribia ya chai na utamu wa mbali. Ganda ni chungu, na uchungu wake hauna haraka ya kuondoka mdomoni.

Ukifungua kitabu cha dawa za Kichina utazikuta hizi mbili katika sura moja, ile ya dawa zinazopoza joto na kuondoa sumu. Kipimo kilichowekwa na Famakopea ya China, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, ni kilekile kwa zote mbili, gramu 6 hadi 15 kwa siku. Zote zinasemwa kuingia kwenye pafu na moyo. Zote zinatajwa kwa homa, koo na majipu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anauliza swali la haki kabisa: kama zinafanana kiasi hiki, si tununue moja tuongeze kipimo? Nimekuja kujibu swali hilo, kwa sababu nimelisikia pia hapa kwetu kutoka kwa wenye maduka wanaotaka kupunguza gharama. Ninavyoona mimi, anayeona dawa moja mara mbili hajazitazama vya kutosha. Kila moja ina mwendo wake ndani ya mwili, na aliyeziunganisha alikuwa anautafuta mwendo huo wa pande mbili.

Kwanza neno juu ya baridi. Dawa ya baridi hapa haina uhusiano na friji. Wazee wa pwani mnanielewa bila maelezo mengi, maana tiba iliyotufikia kwa vitabu vya Waarabu, ambayo asili yake ni Uyunani, nayo hupanga vyakula na dawa kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Bibi wa Unguja anayemkataza mzazi kula kitu cha baridi anafikiri kwa njia ya jirani na hii. Ni jirani tu, undugu hakuna: Wachina walijenga mfumo wao wenyewe. Kwao dawa inaitwa ya baridi kwa kazi inayoifanya ndani ya mtu mwenye joto. Homa inashuka, kiu inapungua, koo lililoiva linatulia, jipu linaacha kupwita. Mpe mtu asiye na joto, tumbo lake litakupa majibu kabla ya magharibi.

Tuanze na ua. Mashamba yake makubwa yako Shandong, hasa wilaya ya Pingyi, na mengine Henan. Wachumaji huingia shambani asubuhi na mapema, kuanzia mwezi Mei, kwa sababu tumba linatakiwa likiwa limejaa lakini halijafunguka. Likifunguka ni jeupe, baada ya siku moja mbili linageuka njano, na kwenye tawi moja utaona rangi zote mbili. Linapendeza kwa macho, ila mnunuzi wa dawa atakata bei. Anachokilipia ni tumba lililofumba, lenye harufu yake ndani. Kwa hiyo kazi yote ni ya mikono na ni ya kukimbizana na jua. Kwa taarifa yenu, madaktari wa Kichina ambao wamekuwa wakija Tanzania Bara tangu 1968 hutoka mkoa huohuo wa Shandong. Baadhi yenu mmefanya kazi nao wodini. Wanaijua jinyinhua tangu utotoni, kama chai ya nyumbani wakati wa joto, kabla hawajaijua kama dawa.

Katika lugha ya mfumo wao jinyinhua ni tamu na baridi, na huingia kwenye pafu, moyo na tumbo. Hapo kwenye utamu ndipo pa kusimama kidogo. Dawa nyingi kali za kupoza ni chungu. Huanglian, dawa nyingine ya Kichina, ni chungu kiasi kwamba Wachina wana msemo juu ya bubu aliyekula huanglian, anateseka na hawezi kusema. Uchungu wa namna ile unapoza, lakini pia unakausha na kulielemea tumbo. Jinyinhua inapoza pasipo kukausha. Ndiyo maana kuna maji yanayokusanywa kwa mvuke wake ambayo hupewa watoto wenye vipele vya joto. Na kwa kuwa ni ua, kitu chepesi chenye harufu, mwendo wake ni wa kupanda na kutoka nje. Hufika kichwani, kooni na kwenye ngozi.

Sasa ganda. Lianqiao ni ya milimani: Shanxi, Henan, Shaanxi. Wilaya ya Anze huko Shanxi imejijengea jina kwa tunda hili. Kichaka chake huchanua njano tupu baada ya majira ya baridi, kabla hata ya kutoa majani. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanawaona binamu zake kwenye nyua za watu bila kujua kwamba ni ukoo wa dawa. Tunda lina mavuno mawili. La kijani huchumwa linapoanza kukomaa, likachemshwa au kupikwa kwa mvuke kisha likaanikwa, nalo hubaki limefumba na mbegu zake ndani. La pili huachwa mtini hadi likauke, lipasuke, mbegu ziporomoke. Mliyo nayo mkononi ni hiyo ya pili. Nimeileta kwa makusudi kwa sababu ndiyo inayoonekana vizuri, lakini mkienda kununua ulizeni ya kijani. Kiungo ambacho maabara hukipima ndani yake, forsithosidi A, kimo kwa wingi zaidi katika tunda la kijani. Tatizo ni kwamba bei ikipanda watu hawasubiri tunda likomae. Wanapanda mlimani mapema, wanachuma vitu ambavyo bado ni maji, na mnunuzi wa mbali hawezi kutofautisha akiona vimekauka. Dalili moja inasaidia: tunda lililochumwa kabla ya wakati huwa jepesi mno, limesinyaa, na ukilivunja mbegu zake hazina mwili.

Lianqiao ni chungu na baridi yake ni ya kadiri, chini kidogo ya ile ya ua. Huingia kwenye pafu, moyo na utumbo mwembamba. Waganga wa kale waliisifu kuliko zote kwa vidonda na majipu. Kazi yake ya pekee, ambayo ua haliifanyi vizuri, ni kuvunja mafundo. Tezi zilizovimba shingoni, matonsili yaliyofura, jipu ambalo limekusanya lakini halijaiva, uvimbe mgumu unaouma ukiugusa: popote ambapo joto limejikusanya na kukataa kusogea, hapo panahitaji lianqiao.

Nikiwaeleza wanafunzi huwa nawapeleka jikoni. Moshi umejaa. Mtu mmoja anafungua madirisha, mwingine anainama kwenye mafiga anautoa ule ukuni mbichi unaofuka. Ukiwa na wafungua madirisha wawili, moshi utaendelea kuja. Ukiwa na wawili wanaohangaika na ukuni, mtakohoa wote. Jinyinhua ni yule wa madirishani. Nadhani mmenielewa, tuendelee.

Mtu aliyeziweka pamoja hadi zikawa jozi inayojulikana China nzima ni daktari Wu Jutong. Alizaliwa 1758 huko Huaiyin, mkoa wa Jiangsu. Wazanzibari mliomo humu mtatabasamu, kwa kuwa timu za madaktari wa Kichina zinazokuja Zanzibar tangu 1964 hutoka Jiangsu. Wu hakulelewa katika udaktari. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 19, na uchungu wa kushindwa kumsaidia ndio uliomsukuma kwenye vitabu vya tiba. Miaka michache baadaye akafiwa na mtoto wa ndugu yake kwa homa iliyoanzia kooni. Akaenda Beijing, akafanya kazi ya kunakili na kusahihisha maandishi katika mradi mkubwa wa maktaba ya mfalme, na huko akapata kusoma vitabu ambavyo daktari wa mkoani asingeviona. Mwaka 1793 mlipuko wa homa ulipoingia Beijing, rafiki zake walimshinikiza aache kusoma tu, atibu. Wagonjwa wengi walikuwa wameshaharibikiwa kwa matibabu ya awali.

Wameharibikiwa vipi? Hapa ndipo penye kiini cha habari. Tangu karne ya 3, kitabu cha daktari Zhang Zhongjing juu ya magonjwa ya baridi kilikuwa ndio msingi. Homa ilihesabiwa kuwa mwili umevamiwa na baridi kutoka nje, na tiba ilikuwa kumtoa mgonjwa jasho kwa dawa za moto, kama mdalasini na mmea wa mahuang (efedra). Kwa anayetetemeka kwa baridi, makamasi ni maji, kiu hana, hiyo ni tiba nzuri. Mtu wa namna hiyo hata hapa kwetu tunampa tangawizi na anaamka salama. Lakini Wu aliona wagonjwa ambao tangu siku ya kwanza wana koo jekundu, kiu, homa kali, ncha ya ulimi imeiva, na baridi wanaisikia kidogo tu au hawaisikii kabisa. Ukimpa huyo dawa ya moto unaongeza kuni. Daktari wa kabla yake, Ye Tianshi, aliyefariki 1746, alikuwa ameshaeleza kwamba homa za joto huingia kwa pua na mdomo na kulishika pafu kwanza, kisha huzama ngazi kwa ngazi hadi kwenye damu. Wu aliichukua fikra hiyo akaijengea dawa. Kitabu chake, Wenbing Tiaobian, alikikamilisha 1798 na kikachapishwa 1813.

Ndani ya kitabu hicho kuna unga unaoitwa Yin Qiao San, jina lililofinyangwa kutokana na dawa zetu mbili. Jinyinhua liang moja (kipimo cha uzito cha Kichina), lianqiao liang moja, sawa kwa sawa. Zinafuata dawa nyingine saba kwa vipimo vidogo zaidi, zikiwemo nanaa, urukususu, mmea uitwao jingjie, na soya iliyochachushwa. Nimepiga hesabu ya mizani yake: hizi mbili peke yake ni zaidi kidogo ya theluthi ya unga wote. Unachota sehemu, unaichemsha kwenye maji ya mizizi mibichi ya matete. Nanaa na jingjie zinafungua ngozi, soya inasaidia kutoa, urukususu inatuliza koo, matete yanarudisha maji yaliyokaushwa na homa. Wanaobeba mzigo ni ua na ganda.

Naomba mniwie radhi nikae kidogo kwenye sufuria, maana hapa ndipo watu wengi wanaiua dawa hii. Wu aliandika kwamba harufu ikishatoka kwa nguvu, epua, mpe mgonjwa, usizidishe kuchemsha. Alitoa na sababu: dawa za pafu zinatakiwa ziwe nyepesi na safi, ukizidisha moto ladha inakuwa nzito na dawa inashukia katikati ya mwili, tumboni, badala ya kubaki juu palipo na ugonjwa. Tafsiri yake jikoni ni hii. Loweka dawa kwenye maji ya baridi kama nusu saa. Injika, ikichemka iache dakika chache, tano au zaidi kidogo. Nanaa itie mwishoni kabisa. Funika. Ukisikia chumba kizima kinanukia, usisubiri kingine. Sisi tumezoea mizizi na magome, tunachemsha hadi maji yabaki nusu, na tunaona fahari rangi ikiwa nyeusi. Kwa mwarobaini au mizizi migumu sibishani na mtu. Kwa hii, weusi ule ni dalili kwamba umechelewa kuepua.

Na kama kuna anayedhani hizo ni hadithi za wazee, akumbuke dawa mseto ya malaria iliyopo katika kila zahanati yetu. Asili yake ni qinghao, mmea mwingine wa baridi. Mtafiti wa Kichina Tu Youyou na wenzake walihangaika na dondoo la mmea huo lililokuwa likifanya kazi leo na kukataa kesho, mpaka aliposoma katika maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4 kwamba mmea ulowekwe na kukamuliwa, hapakutajwa kuchemsha. Akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 dondoo likafanya kazi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Sababu za kikemia za mmea ule na za jozi yetu si zilezile, ila maelekezo ya jikoni ni sehemu ya dawa.

Vipimo vya Wu vinafundisha jambo jingine. Mgonjwa mzito alipewa kila baada ya saa nne hivi, mara tatu mchana na mara moja usiku. Mwenye nafuu, kila saa sita. Kidogo kidogo, mara kwa mara, hadi homa iachie. Leo tunaandika "mara mbili kwa siku baada ya chakula" kwa kila kitu, halafu tunashangaa dawa haifanyi kazi.

Sasa, njia nzuri ya kuzijua dawa mbili zilizozoea kuwa pamoja ni kuangalia pale zinapotengana. Katika kitabu hichohicho Wu ana dawa nyepesi zaidi, Sang Ju Yin, ya mtu ambaye homa yake ni ndogo lakini kikohozi kinamsumbua. Humo lianqiao imo, jinyinhua haimo. Kwa nini? Joto bado ni dogo, hakuna haja ya baridi kali ya ua; majani ya mforsadi na maua ya krisanthemumu yanatosha kufungua madirisha, na kiasi kidogo cha lianqiao kinabaki kushughulika na koo. Geuza sasa: katika ensaiklopidia ya tiba iliyotolewa kwa amri ya mfalme mwaka 1742 kuna Wuwei Xiaodu Yin, dawa ya majipu makali yenye mzizi mgumu. Dawa tano, jinyinhua ikiongoza, na lianqiao haipo. Mtu aliyekariri kwamba ganda ndilo la majipu atababaika hapo. Ukweli ni kwamba mimea miwili, pugongying na zihuadiding, zilizomo humo zinavunja fundo kwa nguvu zaidi, na kinachohitajika ni wingi wa baridi isiyokausha. Mfano wa tatu ninaupenda zaidi. Baohe Wan ni vidonge vya mtu aliyekula akapitiliza, chakula kimelala tumboni, anacheua uchachu. Humo katikati ya vitu vya kusagia chakula utaikuta lianqiao. Haikuingia humo kwa homa. Chakula kilicholala kinajikusanya na kuzalisha joto, na yeye kazi yake ni mikusanyiko. Ua lingefanya nini humo? Halina kazi.

Kuna pia mahali ambapo jozi inabaki jozi lakini kazi inabadilika, na habari hiyo inatugusa sisi moja kwa moja. Homa ikizama hadi karibu na damu, mgonjwa anawaka zaidi usiku, halali, ulimi umekuwa mwekundu wa kukolea, vipele vinaanza kuonekana kwa mbali. Kwa hali hiyo Wu aliandika dawa iitwayo Qing Ying Tang. Dawa za kupoza damu zimejaa humo, na pembeni zipo jinyinhua na lianqiao. Dawa nyepesi za juu zinatafuta nini huko chini? Zimewekwa ziuvute moto urudi njia uliyoingilia, utoke nje, usizame zaidi. Mimi naiona ndiyo fikra nzuri kuliko zote katika kitabu kile.

Lakini dawa iliyoongoza Qing Ying Tang ilikuwa pembe ya faru. Msione aibu, tulitaje. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Kufikia 1990 walikuwa chini ya 400. Pembe nyingine zilikwenda Yemen kuwa mipini ya majambia, nyingine zilikwenda Asia kusagwa kuwa dawa ya homa za aina hiyo. China ilipiga marufuku biashara yake na matumizi yake katika tiba mwaka 1993, na mahali pake pakachukuliwa na pembe ya nyati-maji kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kulegeza katazo hilo, dunia ikapiga kelele, ndani ya wiki chache utekelezaji ukaahirishwa. Ninachotaka mkiondoke nacho wanafunzi wa tiba ni kwamba daktari wa leo anaiandika Qing Ying Tang bila faru na anaendelea na kazi yake. Akija mtu dukani kwako akakunong'oneza kwamba bila ile kitu dawa haitimii, hata vitabu vya nchi yake havimuungi mkono.

Nije kwenye siku zetu. Usiku wa 31 Januari 2020 shirika la habari la Xinhua liliripoti kwamba watafiti wa Shanghai na Wuhan wameona dawa ya maji ya Shuanghuanglian inaweza kuzuia virusi vipya vya korona. Shuanghuanglian ni jozi yetu ikiongezewa mzizi wa huangqin. Watu walipanga foleni nje ya maduka ya dawa usiku uleule, wakiwa wamesongamana, wakati ambapo jambo la mwisho la kufanya lilikuwa kusongamana. Dawa ikaisha kwenye maduka ya mtandaoni. Asubuhi yake vyombo vya habari vya serikali vikawa vinatuliza: kuzuia virusi kwenye maabara siyo kumtibu mtu. Sisi tuliokunywa na kujifukiza kila kitu mwaka ule hatuna ubavu wa kuwacheka.

Ushahidi wenye uzito zaidi ninaoufahamu uko kwenye mafua ya H1N1. Mwaka 2011 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha jaribio la hospitali 11 za China, wagonjwa 410. Waliopewa oseltamiviri, dawa ya hospitali ya kupambana na virusi vya mafua, homa iliwaachia kwa wastani wa saa 20. Waliopewa mchanganyiko wa Kichina wenye dawa 12, jozi yetu ikiwemo, saa 16. Wasiopewa chochote kati ya hivyo, saa 26. Matokeo mazuri. Ila hapakuwa na dawa bandia ya kulinganishia, kila mgonjwa alijua anakunywa nini, na dawa zilikuwa 12. Huwezi kuchukua matokeo yale ukaibandikia jinyinhua peke yake na kuiuza.

Na kwa kuwa nimetaja kuuza, sikilizeni hili vizuri, hasa wenye maduka. Kuna vidonge vingi sokoni vyenye jina la Yinqiao. Vingine ni mitishamba mitupu. Vingine, vinavyotajwa kuwa na vitamini C, vina paracetamol na klofeniramini, dawa ya mzio, ndani yake, kwa fomula iliyosajiliwa kabisa huko China. Mteja anaona picha ya ua, anaamini ni majani, nyumbani anaongeza Panadol mbili kila saa sita. Paracetamol ikizidi huumiza ini, na ini lake halijui kusoma maboksi. Mkiona kwenye boksi herufi hizi, 对乙酰氨基酚, hiyo ni paracetamol. Zipigeni picha ukutani hapa, zibandikeni kaunta. Klofeniramini nayo inaleta usingizi, kwa hiyo dereva wa bodaboda aulizwe kabla hajapewa.

Sindano za Shuanghuanglian sizitaji isipokuwa kuwaambia msiziguse. China kwenyewe zimeleta mzio mkali na vifo.

Kabla ya yote, homa yoyote hapa kwetu ipimwe. Kipimo cha haraka cha malaria ni dakika chache, na dengi ipo. Mtoto mwenye homa anayekataa kunyonya hahitaji ua wala ganda, anahitaji hospitali. Mtu mwenye tumbo la baridi, anayeharisha akinywa maji ya friji, choo chake laini siku zote, jozi hii itamsumbua. Ukilazimika kumpa, punguza na usivuke siku tatu. Wajawazito na wanaonyonyesha waende kwa daktari. Na jipu ambalo limeshapasuka na linatoa maji membamba, limepauka, haliumi tena, vitabu vyenyewe vya Kichina vinakataza kulipoza: mwili ule umeishiwa nguvu.

Nimeletewa karatasi hapa inauliza kama tunaweza kupanda mimea hii Lushoto au Moshi, badala ya kuagiza. Jinyinhua itaota, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Marekani waliipokea kama ua la bustani, leo mashariki ya nchi ile ni gugu linalokaba miche msituni, na ndege wanaendelea kusambaza mbegu zake. Kwa hiyo asiingize mtu hata kikonyo kabla Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu haijasema neno. Lianqiao ni tatizo la upande mwingine. Inahitaji majira ya baridi kali ili ichanue, hivyo Lushoto kuna uwezekano mkubwa ukapata kichaka kizuri cha majani, na bila ua hakuna tunda. Mwenyekiti, nimemaliza. Kipaza sauti ni chako, na naona mikono imeshainuka.